KARATASI YA DAWA NI AMRI YENYE JINA LA MTU MMOJA

Kila asubuhi, katika zahanati za kambi na hospitali za serikali nchini Uganda, wagonjwa wa nje hupanga foleni. Askari na polisi wamo, pamoja na wake na watoto wao. Wengi hudhani kuwa daktari aulizaye maswali mengi anawapotezea wakati. La hasha! Maswali ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kuandika neno lo lote, daktari hutaka kujua homa ilianza lini, mgonjwa amekwisha kumeza nini, kama aliwahi kudhuriwa na dawa kama penisilini, na kwa mwanamke, kama ni mja mzito. Mtoto hupimwa uzito, kwa maana kiasi cha dawa hufuata kilo zake, si kilio chake. Askari afichaye kwamba jana alimeza vidonge alivyopewa na mwenzake bwenini, humwacha daktari akifanya kazi gizani.

Tuchukue malaria, maradhi tuyajuayo sana. Zamani homa peke yake ilitosha mtu kupewa klorokwini. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2004 Uganda ikaamua kutumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri damu ipimwe kwanza, kwa darubini au kwa kipimo cha haraka cha tone la kidoleni. Hapo ndipo mizozo huzuka. Kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria, wapo maafande wanaotaka wapewe dawa vivyo hivyo, tena kwa sindano, wakitegemea cheo. Lakini vimelea havisomi nyota za mabegani. Homa hiyo yaweza kuwa ya mafua, yasiyosikia dawa ya malaria wala penisilini. Au yaweza kuwa kichomi, na kila siku ipoteayo kwa dawa isiyo yake ni hatari.

Malaria isiyo kali ikipatikana, mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi huandikiwa vidonge 24 vya kawaida: 4 papo hapo, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zifuatazo. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili dawa iingie mwilini barabara. Parasetamoli hupunguza homa na maumivu, bali haiui kimelea hata kimoja.

Siku ya pili homa hushuka, na vidonge vilivyobaki hutiwa mfukoni vimngoje mgonjwa mwingine. Huko ni kuwaachia adui walionusurika nafasi ya kujipanga upya. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda wameonekana vimelea visivyoondoka upesi mbele ya dawa za jamii ya artemisinini. Baada ya klorokwini tulikuwa na pa kukimbilia. Safari hii akiba ni ndogo.

Karatasi yenyewe huandikwa jina la mgonjwa, umri, dawa, kiasi, siku na sahihi ya mwandishi. Penye "1 x 3" maana yake ni kidonge 1 kila baada ya saa 8, wala si vidonge 3 kwa mkupuo. Asiyeelewa na amwulize mtoa dawa dirishani, hata kama foleni inanung'unika nyuma yake.

Dawa ikikosekana bohari, mgonjwa hutumwa dukani na karatasi yake. Asikubali kukatiwa nusu dozi kwa kuwa fedha ni kidogo. Afadhali arudi kwa daktari amtafutie njia nyingine. Tena atazame kasha: dawa za serikali ya Uganda hupigwa chapa kwamba si za kuuzwa. Akiiona chapa hiyo juu ya meza ya muuzaji, hiyo ni kazi ya polisi, na ushahidi uko mkononi mwake.