Kwa Nini Paka Asiyetoka Nje Huugua Tumbo?

Katika miji ambamo watu wengi sasa huishi ghorofani, si ajabu kumkuta paka ambaye tangu aletwe akiwa mtoto hajapata kukanyaga udongo. Hula alichowekewa, hunywa maji ya bakuli, hujisaidia katika sanduku la mchanga, na mchana kutwa hulala dirishani. Paka wa namna hii anapotapika asubuhi mbili mfululizo, au anapoharisha, wenye nyumba hushikwa na mashaka kuliko wale ambao paka wao hutangatanga majalalani. Yule wa jalalani ana sababu chungu nzima za kuugua. Huyu wa ndani ameyapata wapi maradhi? Hapo ndipo lawama huanza kutafuta pa kutua: samaki wa jana, maziwa ya asubuhi, mtumishi asiyeosha bakuli, na pengine jirani asiyependa paka.

Kwa kawaida hulaumiwa jambo lililoonekana mwisho, na mara nyingi silo. Nyumba iliyofungwa milango haikufungwa kwa kila kitu, na mwili wa paka una kanuni zake zisizofanana na za binadamu wala za mbwa. Isitoshe, yako mambo ambayo watu huyatenda wakati wakibahatisha chanzo cha ugonjwa, nayo huweza kumdhuru paka kuliko chanzo chenyewe.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wafugwao ulimwenguni wametokana na paka-mwitu wa jamii iitwayo Felis lybica, waliofugwa kwanza katika nchi za Mashariki ya Kati. Ndugu zao, ambao Waswahili huwaita kimburu, wangali wakiishi katika mbuga za Afrika Mashariki. Kimburu huishi kwa panya, ndege na mijusi, na paka wa ghorofani amerithi tumbo lile lile. Matumbo yake yakinyoshwa huwa na urefu wa karibu mara nne ya kiwiliwili chake, ilhali matumbo ya kondoo hupita mara ishirini. Utumbo mfupi hivyo hutosha kusaga nyama, lakini haukuumbwa kwa ajili ya wanga mwingi. Hata ulimi wake haujui utamu wa sukari. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, mjini Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba mojawapo ya jeni mbili zinazohitajika ili kiumbe aonje utamu imeharibika kwa paka.

Zaidi ya hayo paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, nayo hupatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1975 ilibainika kwamba paka wakikosa taurini hupofuka, kwa kuwa utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga huharibika. Na mwaka 1987 ikabainika kwamba misuli ya moyo nayo hulegea. Kwa hiyo ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa waweza kumshibisha paka na kumnyamazisha, wala asiugue siku hiyo wala mwezi huo, na bado ukawa unampunja.

Maziwa yana habari yake. Picha ya paka na kisahani cha maziwa imo katika vitabu vingi vya watoto, na pengine ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba hicho ndicho chakula chake. Ukweli ni kwamba paka anapokwisha kuachishwa kunyonya, kimeng'enya kivunjacho sukari ya maziwa hupungua sana tumboni mwake. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huichachusha. Matokeo yake ni gesi na kuharisha. Samaki wabichi nao wanahitaji tahadhari, maana baadhi yao wana kimeng'enya kiharibucho vitamini B1. Paka alishwaye samaki hao kila siku huanza kwa kukataa chakula na kutapika, kisha huyumba kama mlevi. Kupika hukiondolea kimeng'enya hicho nguvu yake. Hata chakula kizuri kikibadilishwa ghafla huweza kuleta kuharisha, ndiyo maana inafaa kipya kichanganywe na cha zamani kwa muda wa juma moja hivi, kikizidishwa kidogo kidogo.

Jambo jingine limo katika manyoya. Ulimi wa paka una vijimwiba vilivyoelekea nyuma, na kila ajirambapo humeza nywele, ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha. Nyingi hupita na kutoka na choo. Nyingine hujikusanya na kutapikwa kama donge refu jembamba. Likitokea mara moja moja halina neno. Lakini si vema kila tapiko kuitwa nywele. Paka atapikaye kila juma, hata kama nywele zimo, anastahili kuchunguzwa.

Sasa tuutazame ule mlango uliofungwa. Kiroboto hahitaji ruhusa ya kuingia. Huja na nguo, na mgeni, au na panya apitaye darini. Ndani ya kiroboto huweza kuwamo mtoto wa tegu. Paka hujiramba, humeza kiroboto, na baada ya majuma machache vipande vya tegu, mithili ya punje za mchele, huonekana karibu na mkia wake. Minyoo ya mviringo hupitia njia nyingine: mtoto wa paka huipata katika maziwa ya mama yake, kabla hata hajaletwa nyumbani. Mende na mijusi ya ukutani nao ni windo, na katika nchi za joto mjusi huweza kubeba minyoo ambayo hukaa katika vijia vya nyongo vya paka na kumtapisha. Kisha kuna viatu. Virusi vya panlukopenia, ugonjwa unaoua hasa paka wachanga kwa kutapika, kuharisha na kupungukiwa chembe nyeupe za damu, huweza kuishi katika mazingira hata mwaka mzima. Mtu akivikanyaga njiani huviingiza ndani pamoja na vumbi. Dawa nyingi za kusafishia haviviui, ila zenye klorini. Kinga ya hakika ni chanjo, nayo hata paka wa ndani anaihitaji.

Iko sababu isiyoonekana mlangoni wala katika bakuli, na historia yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Muda mfupi baadaye Walter Cannon, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuwalisha paka chakula kilichochanganywa na chumvi ya bismathi, ambayo huonekana katika mionzi hiyo, ili atazame jinsi tumbo linavyofanya kazi katika kiumbe aliye hai. Aliona mawimbi yakipita tumboni moja baada ya jingine, yakikisukuma chakula kuelekea utumboni. Lakini aliona pia jambo ambalo hakulitafuta. Mara paka alipokasirika au alipohangaika, mawimbi yale yalikoma, na alipotulia yalianza tena. Cannon aliyaeleza hayo mwaka 1898, na kutokana na mwanzo huo akaendelea kwa miaka mingi kuchunguza jinsi hofu na hasira zinavyobadili mwili mzima. Yaani elimu ya binadamu kuhusu tumbo lifungwalo na wasiwasi ilianzia katika tumbo la paka.

Zaidi ya karne moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwaangalia paka 32 kwa majuma 77. Wagonjwa wa kibofu cha mkojo walikuwa 20, na wenye afya walikuwa 12. Paka wote walitunzwa kwa utaratibu mmoja, chakula kwa saa ile ile na mtunzaji yule yule. Taarifa yao ya mwaka 2011 ilisema kwamba katika majuma ambayo utaratibu ulivurugika, paka walitapika zaidi, walikataa chakula zaidi, na walijisaidia nje ya sanduku; na hao hawakuwa wale wagonjwa peke yao, bali hata wale wazima. Msomaji aliyepata kuhama nyumba, kupokea wageni wa msiba au kubadili saa za kazi, kisha akamwona paka wake akitapika bila ya chakula kubadilika, ataelewa uzito wa habari hiyo.

Hii haina maana kwamba chakula hakipaswi kushukiwa kamwe. Mwezi Machi 2007, huko Amerika ya Kaskazini, mamilioni ya makopo na vifuko vya chakula cha paka na mbwa viliondolewa madukani baada ya wanyama kukataa kula, kutapika na hatimaye kufa kwa figo. Ilikuja kugunduliwa kwamba katika unga wa ngano uliotumiwa kukitengeneza kulitiwa melamini, kitu chenye naitrojeni nyingi, ambacho humdanganya apimaye akadhani protini ni nyingi. Kilichowaelekeza wachunguzi kwenye chakula ni kwamba wanyama wa nyumba nyingi, wasiopata kukutana, waliugua kwa namna moja na kwa wakati mmoja. Paka mmoja anapougua katika nyumba moja, na wenzake walao chakula hicho hicho ni wazima, busara ni kuanza kutafuta ndani ya nyumba.

Na ndani ya nyumba hakuna kitu kidogo chenye hatari kama uzi. Paka auchezeaye uzi wa cherehani akiuingiza mdomoni hawezi kuutema kwa urahisi, kwa sababu vile vijimwiba vya ulimi huusukuma koo kwa koo. Ncha moja hunasa chini ya ulimi, nyingine huteremka utumboni. Utumbo hujitahidi kuusukuma, na kwa kuwa uzi hauendi, utumbo wenyewe hujikunjakunja juu yake, kama kiuno cha suruali ya kamba pindi kamba ivutwapo. Hatimaye uzi hukata ukuta wa utumbo kama msumeno. Mtu aonaye ncha ya uzi mdomoni au nyuma ya paka asiivute. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na mara nyingi huhitaji upasuaji.

Hapa yafaa kuyataja yale makosa ya huruma. La kwanza ni kumfungisha paka ili tumbo lipumzike. Mbwa mzima huweza kustahimili siku moja bila ya chakula pasipo dhara, lakini paka, na hasa paka mnene, akikaa siku mbili tatu bila ya kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka inini kwa wingi kuliko ini liwezavyo kuyatumia. Ini hujaa mafuta na kushindwa kazi, na manjano huonekana machoni na katika ufizi. Paka wa ndani, ambaye hula vizuri na hana pa kukimbilia, mara nyingi ndiye huyo mnene. Hivyo paka aliyetapika kwa sababu ndogo huweza kufa kwa njaa iliyofuata, na mwenye nyumba akaendelea kumlaumu samaki.

La pili ni dawa za binadamu. Kidonge cha paracetamol, kilichomo karibu katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Ini lake limepungukiwa na kimeng'enya kinachoifunga dawa hiyo ili itolewe mwilini. Dawa hubadilika kuwa sumu, damu hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, na uso huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama.

Ni lini basi mtu asisubiri? Paka mchanga anayetapika na kuharisha hukaukiwa na maji upesi, na saa chache ni nyingi kwake. Mkubwa apelekwe asipokula siku nzima, akitapika mara kwa mara katika siku moja, akitoa damu, au akijificha na kukataa kuguswa tumbo. Kwa paka aliyepita miaka kumi, kukonda ilhali anakula kwa pupa na kutapika huelekeza kwenye tezi ya shingo iitwayo thairoidi, maradhi yaliyoelezwa kwa paka mara ya kwanza mwaka 1979 mjini New York, nayo yana tiba. Daktari atauliza kutapika kulianza siku gani, muda gani baada ya kula, na ni nini kilichobadilika nyumbani katika majuma mawili yaliyotangulia. Mwenye kuandika tarehe humsaidia kuliko mwenye kuleta dhana. Aje pia na kinyesi cha siku hiyo katika chupa safi, ili mayai ya minyoo yatafutwe kwa hadubini.

Kinyesi hicho huleta hofu nyingine, hasa katika nyumba yenye mja mzito, kwa sababu ya kidubini kiitwacho Toxoplasma, ambacho huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 1970 ilithibitishwa kwamba kidubini hicho hukamilisha uzazi wake katika utumbo wa paka. Lakini paka huwa amekipata kwa kula windo au nyama mbichi, na kwa kawaida hukitoa katika kinyesi kwa jumla la wiki moja hadi tatu tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Paka wa ndani alaye chakula kilichopikwa ana nafasi ndogo ya kukipata. Tena kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo; kidubini huhitaji siku moja hadi tano hewani ndipo kiwe na uwezo huo. Kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku bila ya kuruka, na mtu mwingine wa nyumbani asiye mja mzito, naye anawe mikono kwa sabuni akimaliza.