Namna ya Kutia Alama na Kutunza Kitambaa cha Meza ya Puli

Najua kwamba mchezo wa puli hauna sifa njema kwa wazazi na walimu wetu. Wengi wakiona meza ya kijani bandani, hufikiri kamari na uvivu tu. Sikusudii kuutetea mchezo. Nataka kueleza habari za kitambaa cha meza ile, jinsi ya kukitia alama na jinsi ya kukilinda, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu huucheza wakati wa likizo bila kujua kwamba tunaharibu mali ya mtu. Pili, mimi mwenyewe niliharibu kitambaa kimoja, na hasara yake nimeionja.

Mjomba wangu ana meza moja ya puli mbele ya duka lake. Kwa fedha zipatikanazo pale hununua mahitaji yangu ya shule na kunilipia nauli ya basi. Likizo ya Desemba, nilipokuwa kidato cha tatu, aliniachia meza niiangalie. Alama zilikuwa zimefutika, na wateja wawili wakabishana vikali juu ya mahali pa kuuweka mpira mweusi. Ili kuwapatanisha nilichukua kalamu ya wino, nikapiga mstari mnene wa kuanzia na kuchora duara la mpira mweusi. Ugomvi ukaisha, balaa likaanza. Wino ulienea katika nyuzi, ukashika mipira, nayo mipira ikaupeleka kila mahali. Nilipojaribu kuuosha kwa maji na sabuni, kitambaa kikalegea na kufanya makunyanzi.

Mjomba hakunipiga. Alisema tu, "Mjomba, alama ni ya kuzuia ugomvi. Yako imeharibu uwanja wenyewe." Fundi alipokuja kutandika kitambaa kipya nilikaa karibu naye kutwa nzima nikimwuliza maswali. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Chini ya kitambaa kuna jiwe la sleti au, katika meza za bei nafuu, ubao. Kitambaa chenyewe ni cha sufu, mara nyingi iliyochanganywa na nailoni ili kidumu. Rangi yake ya kijani ni ukumbusho wa nyasi, maana michezo ya jamii hii ilianzia nje uwanjani huko Ulaya kabla ya kuingizwa nyumbani na kuwekwa juu ya meza.

Sasa tuje kwenye alama. Uwanja wa meza ya mjomba una urefu wa sentimeta 180 na upana wa sentimeta 90. Mstari wa kuanzia hukaa moja ya tano ya urefu kutoka ukingo wa chini, yaani sentimeta 36. Hapana budi kupima kulia na kushoto, kwani ukipima upande mmoja tu mstari utakwenda upande. Kituo cha mpira mweusi hakihitaji hata futi kamba. Fundi alivuta uzi kutoka shimo la kona ya juu, kulia, hadi shimo la katikati, kushoto. Kisha akavuta uzi wa pili kutoka kona ya juu, kushoto, hadi shimo la katikati, kulia. Nyuzi zilipokatana ndipo penye kituo. Nilipopima nikakuta ni sentimeta 45 kutoka ukingo wa juu, robo kamili ya urefu. Wapenda jiometri watatambua sababu: nusu ya meza ni mraba, na mistari ya mshazari ya mraba hukutana katikati yake. Lakini meza kubwa ya snuka ina vipimo vyake. Mstari wake huwa sentimeta 73.7 kutoka ukingoni.

Chombo cha kutilia alama ni chaki ya fundi cherehani iliyochongwa, au penseli laini. Weka rula iliyonyooka, upitishe mkono kwa wepesi mara moja. Kalamu ya wino haifai: wino huenea, na ncha yake hukata nyuzi.

Baada ya alama, tulinde mahali panapoumia zaidi. Pigo la kwanza la kutawanya mipira huwa kali. Mpira mweupe huruka kidogo, hutua, na kuteleza kabla ya kuanza kubingirika. Msuguano ule huleta joto la kuunguza nyuzi, ndipo tuonapo madoa madogo meupe ambayo hayatoki kwa kufutwa. Vilevile mahali pa kupangia mipira hufanya vishimo. Dawa yake ni kubandika kiraka chembamba cha duara chenye gundi juu ya kituo, na kingine mahali wachezaji wapendapo kuanzia. Kiraka kikianza kuinuka ukingo, kibandue uweke kingine, ama sivyo mpira utapotoka njia.

Adui mwingine ni chaki ya kupaka ncha ya fimbo. Hiyo si chaki ya ubaoni. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, mcheza biliadi William Spinks na mkemia William Hoskins, walipata hataza ya chaki yenye silika na unga mgumu wa kukwaruza. Unga huo huishika ncha isiteleze, lakini ukianguka kitambaani hufanya kazi kama msasa. Kwa hiyo paka chaki ukiwa umesimama kando ya meza, wala usiiweke kifudifudi ukingoni. Kila jioni piga kitambaa brashi laini kwa kuelekea upande mmoja, tokea mstari wa kuanzia hadi upande wa pili, bila kuzungusha. Halafu funika meza, hasa penye vumbi au bati linalovuja. Maji yasiguse sufu. Pasi ya mkaa nayo usiithubutu, maana nailoni huyeyuka. Tena usikalie meza, wala usiweke soda au sigara juu yake.

Mambo haya yote ni rahisi, na gharama yake ni brashi, chaki ya fundi cherehani na kipande cha turubai. Mimi niliyajua nikiwa nimechelewa. Shule ilipofunguliwa Januari, nilifika siku tisa baada ya wenzangu. Mwalimu wa zamu aliponiuliza, nilimjibu kwamba nilikuwa mgonjwa. Leo namwomba radhi, kwa kuwa sikuwa mgonjwa. Nauli yangu ilikuwa imetandikwa juu ya meza ya mjomba, na ilitubidi tungoje mpaka meza iirudishe, sarafu kwa sarafu.

Basi ndugu zangu, likizo ijayo mkiikuta meza ya mtu, ichezeni kwa adabu. Huenda chini ya mipira ile kuna ada, nauli au unga wa nyumba fulani. Kitunze kikutunze.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV