Kubeba mifuko si kufanya sport

Mwambie papa mwenye kutoka mine jioni kwamba mwili wake unahitaji sport. Atakuangalia kwanza, kisha atacheka. Hapa Likasi jibu linajulikana: «Niko nabeba tangu asubuhi, sasa unataka nikimbie tena?» Mama wa nyumba atacheka zaidi, maana yeye aliamka mbele ya wote, akateka maji, akatuma watoto ku masomo, akaenda ku soko, na saa hii amesimama pa mbabula anakoroga bukari. Nafasi ya sport itatoka wapi?

Jibu hilo lina haki, lakini lina na kosa ndani yake. Tunataka kulifungua polepole, kwa sababu mu nyumba nyingi za kwetu mwili wa mzazi njo chombo cha kazi cha pekee. Mgongo ukikatika, minerval ya watoto inakatika pamoja nao.

Tuanzie mbali kidogo, ku London. Mu mwaka 1953 munganga Jeremy Morris na wenzake walitoa mu gazeti la waganga, The Lancet, habari ya wafanyakazi wa bus za orofa mbili. Dereva anakaa pa kiti siku yote. Mwenzake wa tiketi anapanda na kushuka ngazi za bus ile ile, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kampuni moja, mji mmoja. Madereva njo waliougua moyo zaidi.

Sasa mu Likasi, dereva wa London ni nani? Ni mwenye kuongoza camion-benne na pelle, mwenye kushika barabara ya Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, sentinelle pa mlango, karani wa bureau, mtu wa laboratoire. Anarudi amechoka, hatumkatalii. Lakini uchovu wake ni wa macho, wa kichwa na wa mgongo wenye kutikiswa. Miguu na moyo havikufanya kazi hata kidogo. Huyu, shauri lake ni rahisi kusema: atembee, apande, atoe jasho ambalo halikutoka pa kiti.

Shauri gumu ni la mwenye kubeba. Ma-creuseur, watu wa manutention, mama wa kuosha na kuponda mawe, mama wa kutwika mizigo ku soko: hawa wanatumika na mwili siku yote. Je, hawajafanya sport yao?

Andreas Holtermann, mtafiti wa Denmark, amechunguza swali hilo kwa miaka. Mu mwaka 2021 yeye na wenzake walitoa hesabu ya watu wazima 104,046 wa Copenhagen na karibu yake, waliofuatiliwa miaka karibu 10. Wale waliotembeza mwili sana wakati wa mapumziko walikufa kidogo kuliko wengine. Wale waliotembeza mwili sana pa kazi walikufa zaidi, karibu robo zaidi ya wale wenye kazi ya kukaa, hata baada ya kuhesabu sigara, masomo na mshahara. Mwili ule ule, jasho lile lile, lakini matokeo hayafanane.

Namna anavyoeleza, mtu wa mine ataielewa bila kufundishwa. Sport ni fupi: moyo unapanda kwa dakika 20 ao 30, kisha unapumzika. Kazi ya kubeba inashika saa 8, 10, hata 12, na moyo unakaa juu muda huo wote. Kuinua uzito na kuinama pahali pamoja kunapandisha tension. Tena mu sport mwenyewe njo unachagua mwendo. Pa kazi mwendo unachaguliwa na chef, ao na bei ya mfuko. Na kesho yake unarudi mbele mwili haujatengenezeka.

Wako na wataalamu wenye kubisha. Mwaka ule ule 2021 watafiti wa Norway waliona kwamba wanaume wa kwao wenye kazi ya mwili waliishi muda mrefu kidogo kuliko wale wa kukaa. Wengine wanasema kinachoua ni umaskini, si mzigo. Siye hatutakata kesi yao. Lakini mchimbaji wa hapa yuko na mzigo na umaskini pamoja, na mgongo wake unamwambia kila usiku kwamba kuna kitu hakiendi. Kubeba kunafanya kazi ya misuli ile ile, upande ule ule, mara mia kwa siku. Misuli mingine inalala. Kwa hiyo mwenye kubeba hahitaji kuongeza uzito juu ya uzito. Anahitaji kile ambacho kazi haimpi: kunyoosha, kupumua, kutembea bila mzigo, kukaza tumbo na kiuno, na kulala.

Jioni, mbele ya kuoga, alale chali pa mukeka, apinde magoti, nyayo ziwe chini, ainue kiuno polepole na kukishusha, mara 10. Kisha avute goti moja mpaka kifuani, halafu la pili. Kisha asimame wima, mikono juu, kama mtu wa kufikia embe. Hiyo yote haipite dakika 7, na watoto watakuja kulala pale pembeni kumfuatisha, hautawakataza. Mwenye kukaa pa kiti cha camion, yeye afanye kinyume: ainuke na kukaa pa kiti cha nyumba mara 15 bila kushika kitu, apande kilima kwa haraka, asukume ukuta kwa mikono.

Wengi wanaacha kwa sababu wanafikiri sport ni saa nzima, na viatu vya bei, na uwanja. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linaomba mtu mzima afikishe dakika 150 kwa juma za mwendo wa kutosha, ule wa kufanya uongee lakini usiweze kuimba. Gawanya kwa siku 7, ni dakika 21 na kidogo. Zamani OMS ilikuwa inasema kila kipande kisipungue dakika 10. Mu mwaka 2020 iliondoa sharti hilo: dakika yote inahesabiwa. Zinakusanyika kama feza ya likelemba, kidogo kidogo.

Tena kuna habari ya mwaka 2022, ya Emmanuel Stamatakis wa Sydney. Walivalisha Waingereza zaidi ya 25,000, wenye kusema wazi kwamba hawafanye sport, kifaa kidogo pa mkono. Wale ambao mara 3 kwa siku walikuwa na dakika moja ao mbili za nguvu, kama kukimbilia bus ao kupanda ngazi haraka, walikufa kidogo sana kuliko wale ambao hawakuwa nazo hata mara moja: karibu 4 kwa 10 pungufu. Hesabu ya namna hiyo haionyeshe kila sababu, maana mtu mgonjwa pia hakimbilie bus. Hata hivyo inatupa moyo, siye wa Likasi, mji wa vilima. Ngazi hatuna nyingi, lakini mipando iko bure.

Tuone siku yenyewe sasa. Papa wa poste ya usiku anatoka asubuhi. Akifika mbele watoto hawajaenda ku masomo, awasindikize kwa miguu, kwenda na kurudi, kisha alale. Dakika zake 20 zimepatikana, na pengine ni saa ya pekee ya juma ambayo mtoto wake ameongea naye. Lakini kama usiku ulikuwa mubaya na macho yanafunga, alale kwanza. Hatuamini sport yenye kuibwa ku usingizi, zaidi kwa mtu ambaye kesho ataongoza mashini.

Papa wa poste ya mchana, mwenye kukaa, tunamwonyesha bidon. Bidon ya litre 20 ni kilo 20. Kama robinet ya avenue imekauka na maji yanatekwa mbali, kwa nini sport yake isiwe ile? Anatembea, anakaza mikono, na mama anapata nusu saa ambayo hakuwa nayo. Tunajua kuna watakaosema mwanaume hateke maji. Waseme.

Maana mama naye anahitaji nafasi, na yeye njo mwenye siku ndefu kuliko wote. Kwake sport ya peke yake barabarani ni ngumu. Watu wanaangalia, watoto wanapiga kelele. Wamama wa likelemba wanaweza kupanga: mkutano ukiisha, watembee pamoja mzunguko mmoja wa quartier, na bipagne byao hivyo hivyo. Kikundi hakiulizwe maswali. Pa mbabula, wakati maji ya bukari yanangojewa kuchemka, kuinuka pa vidole vya miguu na kushuka mara 20 kunasaidia miguu yenye kuvimba kwa kusimama. Na kuna nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka, kupiga mikono na kurusha mguu, wenye kujulikana ku Congo zote mbili. Mama aliyeucheza utotoni aucheze tena na binti yake. Dakika 5 zitamtosha kutoa pumzi. Mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anaombwa na OMS dakika 60 kwa siku, kwa hiyo kila mchezo na mtoto unalipa deni mbili.

Zamani jambo hili halikuwa la mtu mmoja mmoja. Mu makambi ya Union Minière, kisha ya Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, poso, hospitali, masomo na mupira. Wakati wa Mobutu wazee walicheza na animation, kuimba na kukata kiuno kwa sifa ya MPR. Hatuombi irudi, ingawa magoti yalitembea kweli. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa départ volontaire, na ulimwengu ule ulikwisha nao. Stade Kikula inabaki, lakini wengi wanaingia pale kuangalia wengine wakikimbia.

Njo maana hatutaki kuweka mzigo wote pa bega la mzazi. Code du travail ya mwaka 2002 inasema saa za kazi zisipite 45 kwa juma na 9 kwa siku. Kila mwenye kusoma hapa anajua poste yake ni ya saa ngapi. Mtu akitumikishwa kupita mpaka huo, kumwambia «panga muda wako muzuri» ni kumcheka. Délégation syndicale inaweza kuweka jambo hili pa meza, na kuongeza dogo lingine: mu causerie ya usalama mbele ya poste, dakika 5 za kuamsha mgongo na mabega. Ku Japani, radio inatangaza mazoezi ya namna hiyo tangu 1928, na kampuni nyingi huko zinayafanya mbele ya kazi.

Neno moja juu ya pahali. Mu mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université de Lubumbashi na wenzake walionyesha kwamba watu wa Katanga wenye kukaa chini ya kilometa 3 na mine ao usine ya kuyeyusha wana cobalt nyingi sana mu mkojo, na watoto zaidi. Mtu mwenye kukimbia anavuta hewa mara nyingi kuliko mwenye kukaa. Kwa hiyo usikimbie pembeni ya barabara ya macamion, wala upande upepo unakoleta moshi wa usine. Tafuta avenue za ndani, mapema, mbele vumbi halijaamshwa. Na ukitoka kazi, vua nguo za mine na kuoga mbele ya kumrusha mtoto juu. Vumbi lako si mchezo wake.

Mwenye kuumwa kifua akipanda, mwenye kizunguzungu, mwenye kikohozi kisichoisha, asianze peke yake. Aende kwanza ku centre de santé kupimwa tension na mapafu. Na mwenye kula mara moja kwa siku, afanye zile za kunyoosha tu, akimbie siku ambayo chakula kipo.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi ni kali, na wengi wanaacha hapo. Kwa hiyo mwenye kuanza, aanzie ndani ya nyumba, pa mukeka, kisha atoke nje jua likipanda. Mwezi wa tisa na wa kumi vumbi linakuwa jingi, ni wakati wa kutoka mapema zaidi. Mvua ikianza kushika, mwezi wa kumi na moja, matope yataziba njia ya masomo, lakini baraza inabaki kavu, na kamba ya kurukia inatosha mtoto na mzazi wake.