Kweli au si kweli: fleti za wazee katikati ya mji

Oktoba 2025 fleti 59 za wazee zilishinda Tuzo ya Stirling, heshima kubwa kuliko zote kwa jengo jipya Uingereza. Jengo linaitwa Appleby Blue na liko Bermondsey, kusini-mashariki mwa London, mtaa uliokuwa wa maghala, viwanda vya ngozi na biskuti, ambako sasa kila kiwanja kilicho wazi kinawindwa na wajenzi wa nyumba za bei mbaya. Nimelichagua kwa sababu linatujibu mambo mengi tunayoyasema kuhusu makazi ya wazee bila kuyapima.

"Nyumba ya wazee ni mahali pa kumtupa mzee."

Si kweli, ingawa najua maneno haya yanatoka wapi. Tukisikia "nyumba ya wazee" tunaona safu ya vitanda, chakula cha zamu na mtu anayengoja mgeni asiyefika. Hayo ni makao ya kutunzwa. Fleti ya kujitegemea ni kitu kingine kabisa: mkazi ana mlango wake, ufunguo wake, jiko lake na sufuria zake. Anapika akitakacho, anamkaribisha amtakaye, kodi analipa mwenyewe. Appleby Blue ni ya shirika la hisani lenye mizizi ya karne ya 16, kwa desturi iliyo karibu sana na wakfu wetu wa pwani, ambapo mali huwekwa kando ili wasio na uwezo wasikose pa kukaa. Wakazi wake wana miaka 65 na zaidi, nao ni watu wa Southwark, wilaya ileile lilipo jengo. Wamezeekea hapo na wamebaki hapo.

"Wazee wanataka utulivu, kwa hiyo wajengewe pembeni."

Si kweli, na hapa ndipo michoro mingi huharibika. Nyumba za hisani za zamani za Kiingereza zilijificha nyuma ya lango, zikatazama ua wa ndani na kuupa mtaa kisogo. Wasanifu wa Witherford Watson Mann waliuhifadhi ule ua, wakaweka miti na maji, lakini jengo wakaligeuza liutazame mtaa pia. Upande wa barabara yametokeza madirisha makubwa yenye mbao, na kituo cha basi kiko hapo mbele. Mzee akikaa dirishani anaona nani ameshuka, nani amechelewa shule, naye anaonekana. Chini kuna ukumbi wa bustani wenye kimo cha ghorofa mbili pamoja na jiko la ushirika, na watu wa mtaani huingia humo kwa shughuli zao.

Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kufundishwa hili. Baraza ya mbele ya nyumba ndiyo inayompa mzee habari za mtaa bila kumchosha miguu, na ndiyo inayowafanya majirani waulizane mapema mbona leo hajatoka. Kengele ya dharura naithamini, lakini hulia mtu akishaanguka.

Hata ujia una maana. Katika majengo mengi ya fleti ni njia ya giza yenye milango pande mbili, na ripoti ya Uingereza ya mwaka 2009 iitwayo HAPPI ilishauri waziwazi tuachane nayo. Pale Bermondsey ujia ni baraza ya vioo inayouzunguka ua, pana kiasi cha kutosha mabenchi na mimea. Anayetoka kutupa taka anapata pa kukaa, na akikaa lazima asalimiwe.

"Mzee hafai ghorofani."

Inategemea lifti na kilichopo chini. Singapore walikamilisha Kampung Admiralty mwaka 2017: fleti 104 za wazee katika majengo mawili ya ghorofa 11, pamoja na kituo cha afya, ukumbi wa wauza vyakula, na kituo cha watoto wadogo kilichowekwa karibu na kituo cha wazee. Treni iko jirani. Mimi ningemchagulia mama yangu ghorofa ya tisa yenye lifti mbili zinazotunzwa kuliko nyumba ya chini iliyo kilomita mbili kutoka zahanati. Lakini lifti moja tu, tena inayokaa wiki nzima ikingoja kipuri, ni kifungo.

"Mtu mmoja, chumba kidogo kinamtosha."

Si kweli. Mzee anahama na maisha yake yote: cherehani, picha za ukutani, kabati la marehemu. Ana mjukuu anayekuja kulala siku za likizo. HAPPI ilidai nafasi ya kutosha, mwanga wa mchana, varanda na stoo. Aliyepewa nafasi ya kitanda tu hukoma kualika watu.

"Ukifunga vyuma vya kujishikilia bafuni, umemaliza."

Nusu kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamepita miaka 60. Vyuma husaidia, ila vinahitaji ukuta imara tangu siku ya kujenga. Sakafu ya bafu isiwe na kizingiti. Mlango wa bafu ufungukie nje, ili aliyeanguka nyuma yake aweze kufikiwa. Na taa ziongezwe, maana jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20. Haya yote ni nafuu yakiwa bado kwenye mchoro. Zege likishamwagwa ni kubomoa.

"Mtaa ukiboreshwa, wazee ndio wa kwanza kuondoka."

Kweli, mara nyingi mno. Katika Southwark hiyohiyo mtaa wa Heygate, wenye nyumba zaidi ya 1,000 za halmashauri, ulivunjwa, na wapangaji wake wakatawanyika. Appleby Blue ilisimama kwa sababu makubaliano ya mipango miji yalimtaka mjenzi wa majengo ya kifahari alipie pia makazi ya wazee.

Sisi tuna Magomeni Kota, Dar es Salaam. Familia 644 zilizoondolewa ili nyumba zao za zamani zibomolewe ziliahidiwa kurudi, na Machi 2022 majengo mapya yakazinduliwa. Ahadi ilitimizwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ilichukua takriban miaka 10, na aliyeondoka akiwa na miaka 70 alipaswa kufika 80 ndipo ashike ufunguo. Kwa hiyo ninyi mnaochora Dar, Nairobi au Mombasa mpya, jengeni fleti za wazee kwanza, katika kiwanja kilicho wazi ndani ya mtaa uleule, wahame mara moja tu, kisha ndipo mbomoe.