Njia ya Umma, Shamba la Mtu

Kijiji cha Avebury, mkoani Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza, kimejengwa mahali pa ajabu: sehemu yake imo ndani ya duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Duara lina upana wa mita 330 hivi, na limezungukwa na handaki refu kwenda chini. Barabara ya lami inalikata katikati. Pembeni mwa barabara kuna baa, na ng'ambo yake kondoo wanajikuna migongo kwenye mawe ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, pamoja na yale ya Stonehenge. Ya Stonehenge unalipa kiingilio na kuyatazama kwa mbali. Ya hapa unayagusa. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla watalii hawajafika, unaweza kuegemea mojawapo ukifunga kamba za viatu.

Aliyezoea jogingi ya Dar es Salaam, kundi zima katika fulana za rangi moja, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, atajiona mpweke huku. Mwingereza wa kijijini hukimbia peke yake, au na mbwa, na lami anaikwepa. Barabara za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na ua mrefu wa miti pande zote mbili, na gari likitokea kwenye kona huna pa kurukia. Kwa hiyo watu hukimbilia mashambani, na hapo ndipo mgeni anapohitaji kufundwa.

Kwanza ujue kusoma mishale. Kwenye nguzo za malango kumepigiliwa vibati vidogo vya duara. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Ukiona mwekundu, hata gari linaweza kukutokea. Siku yangu ya kwanza nilifuata wa njano mpaka ukanifikisha kwenye shamba la ngano iliyofika kiunoni, na mshale unaelekeza katikati yake. Nikasimama. Nimekulia mahali ambapo ukikatiza shamba la mtu bila hodi utaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Nikiwa bado nasitasita, akaibuka mzee mmoja kutoka ndani ya ngano, kijimbwa kinamtangulia. Akanipa habari ya asubuhi bila kupunguza mwendo, akaendelea na safari yake. Ndipo nikakiona kijia chenyewe, upana wa mita moja, kimenyooka kama kimepigwa rula.

Shamba ni la mwenye shamba, lakini njia ni ya umma. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza shamba lake, ila sheria ya mwaka 1990 inamtaka airudishe ndani ya siku 14, na akishapanda lazima aiache wazi, mazao yasiizibe. Watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, bila nguvu, bila kificho na bila kuomba ruhusa, njia hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ya umma. Na machoni pa wanasheria wao, njia ikishakuwa ya umma haifi kwa sababu tu hakuna anayeipita. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hii zilizochorwa kwenye ramani rasmi ambazo halmashauri zilianza kulazimishwa kuziandaa kwa sheria ya mwaka 1949. Duka la vitabu la mji wowote litakuuzia ramani ya jalada la rangi ya chungwa, ambamo njia hizo ni vistari vya kijani. Nunua moja. Simu nayo ina ramani, lakini mabondeni mtandao unapotea na mvua haielewani na kioo chake.

Waingereza hawakuzawadiwa mambo haya. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa na matajiri waliotunza humo ndege wa kuwindwa. Walipambana na walinzi wa mashamba, na vijana watano wakafungwa jela. Haki ya kutembea huru kwenye milima na nyika za namna ile, bila kushikamana na njia, ilikuja kuandikwa katika sheria mwaka 2000. Nikimwona mstaafu anahema kwenye kilima na fimbo zake mbili, huwakumbuka wale vijana watano.

Sasa mzunguko wa kukimbia. Ninaoupenda ni wa kilomita 10 au 11 hivi. Unatoka kijijini kuelekea mashariki kwa njia ya zamani iitwayo Green Street, mawe ya duara ukiyaacha nyuma, na kwa kilomita mbili na zaidi ni kupanda polepole. Ardhi hapa ni chaki, kama ile ya ubaoni, weupe wake unatokeza kila nyasi zinapochubuka. Ikiwa kavu inakimbilika vizuri. Ikinyeshewa inateleza kama sabuni, na ndani yake kuna mawe meusi yenye makali yanayotafuna soli. Juu angani kipozamataza anaimba akiwa papo hapo hewani, humwoni ila unamsikia. Ukitazama mbele, utadhani kondoo wa kijivu wamelala malishoni. Ukikaribia, wengi wao ni mawe, ndugu wa yale ya kijijini. Wenyeji tangu zamani wanayaita hivyo hivyo, kondoo wa kijivu.

Juu unakutana na Ridgeway, njia ya mgongo wa vilima ambayo Waingereza huiita barabara kongwe kuliko zote nchini mwao. Leo ni njia ya kitaifa ya kilomita 139, na watu wamepita huku kwa maelfu ya miaka kwa sababu moja rahisi: juu ni pakavu, mabondeni ni matope. Unaifuata kusini kiasi cha kilomita tatu, upepo usoni, hadi inapokoma, au inapoanzia, kwenye barabara ya A4 ya kutoka London kwenda Bath. Vuka kwa adabu, magari yanakwenda kasi. Kisha unashuka hadi East Kennett, unapita malango na ngazi za mbao za kurukia ua, halafu unapanda tena kwenye kaburi la West Kennet, urefu wa mita 100, lililokuwepo kabla ya piramidi za Misri.

Kwenye moja ya ngazi hizo nilishika majani nisiyoyajua. Ni mmea unaofanana na upupu kwa tabia, si kwa ukoo. Unaota kila pembe ya ua na unawasha kwa nusu saa. Tiba ya wenyeji ni kusugua jani pana la mmea mwingine unaoota jirani yake. Nilisugua kwa bidii, na sidhani ulisaidia kitu zaidi ya kunipa shughuli.

Ng'ombe ndio wa kuogopa kweli, hasa wenye ndama na hasa ukiwa na mbwa. Sheria inakataza fahali mzima wa jamii za maziwa kuachwa katika shamba lenye njia ya umma. Fahali wa jamii za nyama anaruhusiwa, mradi yuko na majike yake. Mkimbiaji anayetokwa jasho atawatofautisha vipi ndugu hawa wawili, sheria haikueleza. Mimi huacha kukimbia, nikatembea kando ya ua.

Kutoka kaburini unateremka kwenye kijito cha Kennet, mbele yako kikisimama kilima cha Silbury, mita 40 hivi, ambacho watu wa kale walikijenga kwa mikono. Kukipanda ni marufuku. Njia ya kurudi Avebury inafuata maji, na maji yenyewe yana mambo. Chaki hunywa mvua kama sifongo, kwa hiyo vijito vya hapa hujaa wakati wa baridi na hukauka kiangazi. Viko vijiji kaskazini mwa Avebury vinavyoitwa Winterbourne, yaani kijito cha majira ya baridi. Sisi tungesema korongo. Mwezi Septemba nilipita mkondo wa njia hii ya kurudi ukiwa umejaa nyasi, nikashangaa daraja limewekwa kuvusha nini. Niliporudi Februari, jua likizama kabla ya saa kumi na mbili jioni, maji yalikuwa yamelifikia daraja na kumeza kijia. Nikavua viatu, nikavifunga shingoni kwa kamba zake, nikavuka nikinyanyua miguu kama korongo mwenyewe, yule ndege.