Kona za Rungwe na Digrii ya Mstari

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela hupita Uyole, Kiwira na Tukuyu, na njiani humo ni kona juu ya kona. Mji wa Tukuyu umekaa katika miteremko ya Mlima Rungwe, ambao kimo chake ni karibu meta 2,960. Ziwa Nyasa, huko chini Kyela, liko kiasi cha meta 475 tu juu ya usawa wa bahari. Katika nchi ya namna hiyo, yenye mito na mabonde, barabara haina budi kupinda kushoto na kulia. Je, kona hizo huchorwaje kwa kompyuta?

Zamani mchoraji alitwaa ufito mwembamba unaonyumbuka, akaubana kwa vipande vizito vya risasi, kisha akaufuatisha kwa kalamu. Ufito huo uliitwa splaini. Mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg alilitumia jina hilo kwa mstari uliofanywa kwa vipande vya polinomia vilivyoungwa pamoja. Baadaye Paul de Casteljau wa kiwanda cha magari cha Citroën, na Pierre Bézier wa Renault, walionyesha jinsi kipande kimoja kinavyoweza kuongozwa na nukta chache tu.

Digrii ni kipeo kikubwa kabisa kilichomo katika polinomia. Kipande cha digrii ya 2 huongozwa na nukta 3. Cha digrii ya 3, nukta 4. Tuseme kona moja inaongozwa na nukta (0, 0), (60, 90) na (120, 0), kwa meta. Mchoraji akitaka kuipandisha digrii iwe 3, nukta za mwisho hubaki, na ile ya kati huacha nafasi yake kwa mbili: (40, 60) na (80, 60). Kila moja iko theluthi mbili ya safari kutoka nukta ya mwisho kwenda ile ya kati. Kona yenyewe haisogei hata kidogo. Katikati yake ni (60, 45), kama kwanza. Mwanafunzi na ahakikishe mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kushusha ni jambo jingine. Nukta (80, 60) ikihamishwa hadi (80, -60), barabara hupinda upande mmoja kisha wa pili, mfano wa herufi S. Kipande cha digrii ya 2 hakiwezi kupinda pande mbili. Kompyuta ikiamriwa kukishusha bila kuhamisha miisho, mstari wa karibu kabisa itakaoupata ni ulionyooka! Kona zote mbili hutoweka, na mahali pengine njia huhama zaidi ya meta 17. Katika miteremko ya Rungwe, meta 17 zatosha kuitoa barabara ukingoni na kuitia korongoni, au katika migomba ya mtu.

Tena, vipande vya digrii ya 2 vikiungwa, kwa kawaida mwelekeo huendelea vizuri lakini ukali wa kona hubadilika ghafula kwenye kiungo, na dereva hulazimika kuzungusha usukani kwa haraka. Digrii ya 3 huweza kuondoa kasoro hiyo, ila si kwa kupandisha digrii pekee: mstari uliopandishwa ni ule ule, pamoja na kasoro zake, hadi mchoraji azisogeze nukta mpya alizozipata.