Ukali wa Mbwa: Ni Mbegu au Malezi?

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili, kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mbwa anapomng'ata mtu, hoja za methali hizi mbili hurudi vinywani mwa watu. Jirani mmoja hudai kuwa mbwa wa aina ile ni wakali kwa kuzaliwa. Wa pili humjibu kuwa hakuna mbwa mbaya, bali kuna mwenye mbwa mbaya.

Ubishi huu hauishii barazani. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa, miongoni mwao pit bull terrier na Tosa wa Kijapani. Na tangu Februari 2024, katika England na Wales, ni kosa kumiliki aina ya tano, XL Bully, bila cheti maalumu. Sheria ya namna hiyo husimama juu ya dhana moja: kwamba ukali umo katika mbegu, na kwamba mbegu hujulikana kwa jina la aina. Je, sayansi yasemaje?

Ushahidi wa mbegu

Mwaka 1959, mtaalamu wa elimu ya urithi Dmitri Belyaev alianza jaribio mashuhuri katika taasisi ya utafiti ya Novosibirsk, huko Siberia. Hakutumia mbwa, bali mbweha wa rangi ya fedha, ambao ni jamaa wa mbwa na ambao walikuwa wakifugwa kwa ajili ya ngozi zao. Katika kila kizazi yeye na mwenzake Lyudmila Trut waliwachagua wachache waliokuwa wapole kuliko wengine, wakawazalisha hao tu. Mbweha hao hawakufunzwa lolote, na kukaa kwao na binadamu kulipunguzwa makusudi ili matokeo yasitokane na mazoea. Kufikia kizazi cha kumi, watoto 18 katika kila 100 walikuwa wakitikisa mikia na kuwaramba watu mikono. Kufikia kizazi cha ishirini, idadi hiyo ilikuwa 35.

Baadaye watafiti walijenga pia ukoo wa pili, wa mbweha waliochaguliwa kwa ukali. Kisha wakauliza swali ambalo kila mwanafunzi makini angeliuliza: je, huenda mtoto hujifunza ukali kwa mama yake? Ili kulijibu, walichukua viinitete vya mbweha wakali wakavipandikiza katika mifuko ya uzazi ya majike wapole. Watoto walizaliwa na kunyonyeshwa na mama mpole, lakini walipokua walikuwa wakali kama mama aliyewapa mbegu. Kwa hiyo haiwezekani kukana kuwa tabia hii huweza kurithiwa.

Ushahidi wa malezi

Hata hivyo, upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha habari za jaribio la kuwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye ua mrefu, wasimwone binadamu. Mbwa hao walikuwa wa aina za cocker spaniel na beagle, ambazo husifiwa kwa upole. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja tu, kila kundi kwa umri wake, wakachezewa na watu, kisha wakarudishwa. Wengine hawakuguswa mpaka walipotimiza majuma 14. Hao wa mwisho waliwaogopa watu kama wanyama wa porini, na hata baada ya kuzoezwa kwa muda hofu yao haikutoka.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizoifuata, wataalamu walitambua kuwa mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, tangu juma la 3 hadi la 12 hivi, ambapo akili yake hupokea kwa urahisi viumbe na mambo atakayoyaona kuwa ya kawaida maishani. Kipindi hicho kikipita, kila kigeni huwa cha kuogofya. Jambo hili ni zito, maana ukali mwingi wa mbwa huzaliwa na hofu: mbwa aliyekosa njia ya kukimbia huuma.

Mbwa kutoka Kongo

Katika kituo hicho hicho cha Bar Harbor, John Paul Scott na John Fuller walilinganisha aina tano za mbwa, wakatoa kitabu mwaka 1965. Mojawapo ya aina hizo ilikuwa basenji, ambayo asili yake ni misitu ya Kongo. Watoto wa basenji wa majuma matano waliwakimbia watu, na walipobanwa pembeni walijaribu kuuma. Wale wa cocker spaniel walikuwa watulivu zaidi. Machotara wa aina hizi mbili walifuata tabia ya basenji, mama awe wa aina hii au ile. Hapo mbegu ilionekana dhahiri. Lakini watoto hao wa basenji waliposhikwa na kuchezewa kila mara, walifugika upesi.

Hapa ndipo fumbo la methali mbili linapofumbuliwa. Mbegu huamua jinsi hofu inavyowaka kwa wepesi. Malezi huamua kama moto huo utapata kuni. Mwenye kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachosababisha ukali ni sawa na mkulima anayeuliza kama mahindi yameota kwa sababu ya mbegu au kwa sababu ya mvua.

Jina la aina si mbegu

Limebaki kosa moja la kusahihishwa, nalo ni kudhani kuwa jina la aina latosha kutabiri tabia. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya maelezo ya mbwa zaidi ya 18,000 na kuchunguza vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Ilionekana kuwa tabia nyingi hurithiwa kwa kiasi fulani, lakini aina ya mbwa ilieleza asilimia 9 tu hivi ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Wepesi wa kukasirika ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na aina kwa uchache kabisa. Sababu si ngumu kuielewa: kwa karne moja na nusu hivi, wafugaji wa mbwa wa ukoo wamechagua zaidi umbo na rangi kuliko tabia.

Mwenye mbwa naye ana hesabu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko Pennsylvania, miongoni mwa watu waliowapiga au kuwapiga mateke mbwa wao wenye matatizo ya tabia, asilimia 43 walisema kuwa mbwa aliwajibu kwa ukali. Na huko Denver, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa mbwa waliouma watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufungwa mnyororo uani kuliko wale ambao hawakuuma. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: je, mbwa alikuwa mkali kwa kuwa alifungwa, au alifungwa kwa kuwa alikuwa mkali? Uhusiano wa mambo mawili pekee hautoshi kutambulisha kipi ni chanzo.

Funzo kwetu

Afrika Mashariki, mbwa wengi ni mbwa koko wasio na jina la aina. Orodha ya aina hatari ingetusaidia kidogo mno. Lakini malezi yamo mikononi mwetu. Desturi ya kumfungia mbwa kutwa nzima asione watu, ili awe mkali usiku, haimfundishi kumtambua mwizi. Humfanya amwogope kila mgeni, na mtoto wa jirani aliyefuata mpira ni mgeni pia.

Upo pia ukali usiotokana na mbegu wala malezi, nao ni wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja, hata kama anamfahamu mbwa huyo na mwenyewe.

Watoto wa mbwa wanaofumbua macho leo chini ya ghala wana majuma machache ya kujifunza kuwa binadamu si adui. Familia inayowashika kwa upole katika majuma hayo, ikawapatia chanjo wakati ufaao na isiwapige, haitabadili mbegu yao. Itakuwa imefanya sehemu ya kazi iliyo katika uwezo wake, na majuma hayo yakipita hayarudi.